Pampu ya Karabai Bumbire

Kabla taa za sola hazijaenea, sisi wavuvi wa dagaa wa kisiwa cha Bumbire tulitegemea karabai, na uhai wa karabai ni pampu. Karabai ya Petromax ilibuniwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, lakini ngozi ya pistoni ikichakaa, mafundi wetu walikata nyingine kwenye kiatu kikuukuu. Waliiloweka kwenye mafuta ilainike, wakatanua kingo zake kwa kidole zielekee chini. Ukisukuma, hewa inazibana kwenye silinda. Ukivuta, zinalegea hewa mpya ipite. Mpini ukijirudisha juu wenyewe, hawakugusa ngozi: walijua kijipira cha valvu ya chini kimelika, wakachonga kingine kutoka tyubu ya baiskeli.