Kiongozi aliyekataliwa na kura anabaki vipi? Yale Kongo imeyaona tangu 2006

Kila baada ya uchaguzi swali linarudi Bunia, sokoni, kwenye parkingi za pikipiki, hata kanisani baada ya misa: huyu mkubwa watu walimkataa waziwazi, sasa mbona bado ndiye anaamua mambo? Wengi wanajijibu haraka kwamba kura ziliibwa, na mazungumzo yanaishia pale. Malalamiko ya wizi wa kura yamekuwa mengi Kongo, na si bure. Lakini hata ukiweka wizi pembeni, sheria yenyewe inamwachia kiongozi aliyepata kura mbaya nafasi kadhaa za kubaki. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Joseph Kabila na watu wake, kati ya 2006 na 2021.

Duru moja badala ya mbili

Katiba ya 18 Februari 2006 ilitaka rais apate zaidi ya nusu ya kura. Asipofikisha nusu, wawili wa kwanza wanarudi kwa wapiga kura. Ndivyo ilivyokuwa mwaka ule: tarehe 30 Julai Kabila alipata asilimia 44,81, akarudi tarehe 29 Oktoba kupambana na Jean-Pierre Bemba, akashinda kwa asilimia 58,05. Mashariki ndiyo ilimbeba. Wakati ule watu wa huku walimwona kama mtu aliyemaliza vita.

Miaka mitano baadaye upendo ule ulikuwa umepungua sana. Vital Kamerhe, aliyemfanyia kampeni mwaka 2006 na ambaye ni mtu wa Kivu ya Kusini, alikuwa amegeuka mpinzani na mgombea. Etienne Tshisekedi naye, ambaye hakushiriki mwaka 2006, safari hii aliingia. Wapinzani wawili wenye nguvu, rais aliyechoka machoni pa watu: katika duru ya pili hesabu ingekuwa ngumu kwake.

Duru ya pili haikuwepo. Tarehe 20 Januari 2011, miezi kumi kabla ya kura, katiba ilikuwa imebadilishwa: atakayepata kura nyingi kuliko wengine ameshinda, hata kama ni chini ya nusu. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama na usalama. Tarehe 28 Novemba watu walipiga kura. CENI ilimpa Kabila asilimia 48,95, Tshisekedi 32,33, Kamerhe 7,74. Wapinzani walikataa matokeo, na watazamaji wa ndani na wa nje walisema hesabu zilikuwa na kasoro kubwa. Lakini ona jambo lenyewe: hata kwa namba za CENI, zaidi ya nusu ya wapiga kura walichagua mtu mwingine, na rais akabaki bila kulazimika kurudi kwao. Bungeni chama chake PPRD kilishuka kutoka viti 111 hadi kama 60. Hiyo nayo haikumwangusha, maana vyama rafiki vilijaza pengo.

Sheria hii haina mwenyewe. Mwaka 2018 ilimfaa Félix Tshisekedi, aliyetangazwa mshindi kwa asilimia 38,57.

Wa tatu kwenye kura, wa kwanza bungeni

Desemba 2018 Kabila hakuweza kugombea tena, akamweka Emmanuel Ramazani Shadary, aliyekuwa waziri wake wa mambo ya ndani. Uchaguzi ulifanyika tarehe 30. Siku nne kabla, CENI ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi watapiga kura mwezi wa tatu kwa sababu ya Ebola na usalama mdogo, yaani baada ya rais mpya kuapishwa. Zaidi ya wapiga kura milioni moja waliachwa nje. Familia nyingi za Ituri zina ndugu Beni na Butembo, na jeraha lile bado linazungumzwa.

Matokeo ya tarehe 10 Januari 2019: Tshisekedi 38,57, Martin Fayulu 34,83, Shadary 23,84. Maaskofu wa CENCO, waliokuwa na watazamaji nchi nzima, walisema namba zile hazifanani na walizokusanya wao. Mahakama ya Katiba ilikataa malalamiko ya Fayulu. Lolote mtu analoamini juu ya nani alishinda, jambo moja halikubishaniwa: mgombea wa utawala alikuwa wa tatu, na mbali.

Kwa kawaida hapo ndipo mambo ya kiongozi yanaisha. Kumbe siku ile ile watu walipiga pia kura za wabunge wa taifa na wabunge wa jimbo, na huko FCC, muungano wa Kabila, ulipata zaidi ya viti 330 kati ya 500. Inawezekanaje mtu mmoja, ndani ya biro moja ya kura, kumkataa Shadary na kumpa kura mtu wa Shadary?

Wapinzani walisema haiwezekani, kwamba matokeo ya wabunge yalipangwa ofisini. Kuna pia maelezo mengine ambayo mkaaji wa Ituri anayajua vizuri bila kufundishwa. Depite hachaguliwi kama rais. Anachaguliwa kwa jina, kwa ukoo, kwa kijiji, kwa daraja aliloahidi au gonjwa alilosaidia kupeleka hospitali. Watu wa Djugu, Irumu, Mahagi, Aru au Mambasa humtafuta mtoto wa kwao kwanza, kisha pengine wanauliza yuko katika chama gani. FCC ilijua hilo, ikatandaza wagombea wake katika makundi mengi yenye majina tofauti. Mpiga kura aliyekasirika na Kabila hakuona mahali popote jina la Kabila karibu na jina la jirani yake. Na kwa sababu sheria inadai kundi lipate angalau asilimia moja ya kura za nchi nzima ili lipate kiti bungeni, wagombea wadogo walilazimika kujificha chini ya makundi makubwa.

Kutoka hapo mambo yalijijenga yenyewe. Katiba inasema waziri mkuu anatoka kwa wenye wingi bungeni. Wabunge wa jimbo ndio wanachagua maseneta na maliwali. Tarehe 14 Machi 2019 FCC ilichukua sehemu kubwa sana ya seneti, huku UDPS, chama cha rais mwenyewe, ikikosa hata kiti kimoja Kinshasa ingawa ilikuwa na wabunge wake katika bunge la mji ule. Harufu ya pesa ilikuwa kali mpaka Tshisekedi akasimamisha kwa muda kuingia kwa maseneta wapya. Mwezi wa tano Sylvestre Ilunga Ilunkamba wa PPRD akawa waziri mkuu. Serikali iliyotangazwa Agosti ilikuwa na watu 65: 42 wa Kabila, 23 wa Tshisekedi. Watu walikuwa wamepiga kura ya mabadiliko na wakapata serikali yenye wengi wa Kabila.

Kenya iliona kitu kinachofanana Desemba 2007. Chama cha Mwai Kibaki kilipata viti 43 na ODM ya Raila Odinga 99, na makamu wa rais mwenyewe, Moody Awori, alipoteza kiti chake. Hata hivyo Kibaki alitangazwa mshindi na kuapishwa jioni ile ile. Tofauti ni bei: zaidi ya watu elfu moja walikufa kabla ya mapatano ya Februari 2008 kumpa Raila uwaziri mkuu.

Siku waliohesabiwa walipohama

Kabila aliangushwa bila kura yoyote ya raia. Ilitosha wale wabunge 330 kuanza kusogea.

Julai 2020 Tshisekedi aliteua majaji watatu wapya wa Mahakama ya Katiba. Waliapishwa Oktoba, wakuu wa FCC wakisusia. Novemba akaita viongozi wa kila aina kwa mashauri. Tarehe 6 Desemba akatangaza kwamba muungano na FCC umekwisha, na kwamba kama wingi mpya hautapatikana atavunja bunge.

Tisho hilo ndilo liliuma. Mbunge aliyetumia nyumba na ng'ombe wake kwenye kampeni ya 2018 hakutaka kurudi kwa wapiga kura baada ya miaka miwili tu. Wengine walisemekana kupewa pesa. FCC ilipiga kelele juu ya rushwa, nayo ndiyo iliyolaumiwa kwa rushwa kwenye seneti mwaka uliotangulia. Siku nne baadaye, tarehe 10 Desemba, spika Jeanine Mabunda aliondolewa kwa kura 281 dhidi ya 200. Ibara ya 110 ya katiba inasema mbunge anayehama chama kwa makusudi anapoteza kiti, lakini Januari 2021 Mahakama ya Katiba ilieleza kwamba mbunge yuko huru kufuata wingi anaoutaka. Mlango ukawa wazi. Tarehe 27 Januari hoja ya kuiangusha serikali ya Ilunkamba ilipita kwa kura 367, zilihitajika 251. Wengi wa walioiunga mkono walikuwa wamechaguliwa kwa bendera za Kabila. Union sacrée ilizaliwa namna hiyo.

Kwa hiyo kiongozi asiyependwa alibaki miaka miwili kamili baada ya matokeo mabaya, akaanguka pale tu watu waliosimama kati yake na mpiga kura walipopata mkubwa mwingine wa kufuata. Mpiga kura wa Bunia hakuulizwa kwa lile la kwanza, wala kwa la pili. Kabila mwenyewe alibaki seneta wa maisha, na Mei 2025 seneti ilimwondolea kinga. Septemba mwaka ule mahakama kuu ya kijeshi ilimhukumu kifo bila yeye kuwepo, kwa makosa ya uhaini na ya vita.

Na Ituri je?

Ngazi ya jimbo iko hivyo hivyo, ila ngazi moja zaidi inamtenga raia. Liwali hachaguliwi na wakaaji. Anachaguliwa kwa miaka mitano na wabunge wa jimbo, na hao hao wanaweza kumwondoa. Mabadiliko ya 2011 yaliongeza kwamba rais naye anaweza kumwachisha kazi liwali, au kuvunja bunge la jimbo, pakiwa na mgogoro mkubwa usioisha. Liwali anayechukiwa mtaani lakini anayeelewana na wabunge wake na Kinshasa anaweza kulala usingizi. Anayependwa mtaani bila hao wawili hana uhakika wa wiki moja.

Jean Bamanisa alichaguliwa hivyo mwaka 2019. Hakuondolewa kwa kura ya mtu yeyote. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo liko chini ya état de siège, na Luteni Jenerali Johnny Luboya N'Kashama akachukua nafasi ya liwali kwa amri ya rais. Katiba inaruhusu hali hiyo kwa siku 30, kisha bunge na seneti wanaiongeza kwa siku 15 kila mara. Mwanajeshi huyo hana matokeo ya uchaguzi ya kuogopa, mazuri wala mabaya. Anayemwogopa ni aliyemteua.

Desemba 2023 watu wa Ituri walipanga mstari tena, wengine wakiwa wakimbizi wa ndani, wakachagua wabunge wa taifa na wa jimbo. Mwaka uliofuata majimbo mengine yalipochagua maliwali wao, Ituri na Kivu ya Kaskazini hayakuwemo. Tshisekedi, aliyepewa asilimia 73 katika uchaguzi ule, alisema Oktoba 2024 akiwa Kisangani kwamba ataunda tume ya kutazama upya katiba. Uchaguzi ujao unatakiwa kufanyika 2028, na kabla ya hapo swali la duru moja au mbili, na la nani anamchagua liwali, yote yanaweza kurudi mezani.