Macho ya Manowari: Marubani wa Majini wa Uingereza, 1914–1918
Kikosi cha Anga cha Jeshi la Majini la Uingereza kilidumu miaka mitatu na miezi tisa tu. Kilianzishwa rasmi 1 Julai 1914, ila mizizi yake ni ya 1911, maofisa wanne walipopelekwa Eastchurch kujifunza urubani. Mmoja wao, Charles Samson, alipaa kutoka sitaha ya manowari HMS Africa Januari 1912.

Vita vilipoanza, sifa zililetwa na mabomu. Oktoba 1914 Reginald Marix aliiteketeza Zeppelin ya Wajerumani ndani ya banda lake, Düsseldorf. Sifa walistahili. Lakini ukitaka kujua walifaa nini hasa, tazama mikoko ya delta ya Rufiji.

Humo ndimo ilimojificha manowari ya Wajerumani Königsberg, baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar Septemba 1914. Waingereza waliokuwa baharini hawakuweza kuifikia. Novemba ilionwa kutoka angani na Dennis Cutler, rubani wa kiraia aliyekodiwa Durban pamoja na ndege yake. Mwezi uliofuata akatekwa. Ndege za kuelea zilizoletwa Februari 1915 hazikufua dafu: joto na unyevunyevu wa pwani viliziharibu, hata kupaa zikashindwa. Ndipo zikaja ndege za magurudumu, zikatengenezewa uwanja kisiwani Mafia.

Tarehe 6 Julai manowari za mtoni Severn na Mersey zilifyatua mizinga kwa saa nyingi, zikaondoka bila kuimaliza. Zikarudi tarehe 11. Angani alikuwa John Cull, rubani, na mwangalizi wake Harwood Arnold, aliyetazama kila kombora linaanguka wapi na kuwaarifu wapigaji kwa simu ya upepo. Ndege yao ikapigwa, injini ikaharibika. Huku wakishuka, Arnold aliendelea kuisahihishia Severn shabaha, mpaka wakatumbukia mtoni. Boti ya Mersey iliwaopoa wote wawili, wazima. Siku hiyohiyo Wajerumani waliilipua meli yao wenyewe. Mizinga yake waliiokoa, ikamtumikia Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, nchi kavu. Mmoja ungali Fort Jesus, Mombasa.

Tarehe 1 Aprili 1918 kikosi kiliunganishwa na kile cha jeshi la nchi kavu, likazaliwa Jeshi la Anga la Kifalme. Wakuu wa majini hawakuridhika kamwe. Walivutana na serikali hadi 1939, waliporudishiwa mamlaka kamili juu ya ndege za melini.