George Weah: Miaka 18 ya kuisaka na kuipoteza Ikulu ya Monrovia

Oktoba 11, 2005, Waliberia walipanga foleni kupiga kura ya kwanza tangu Charles Taylor aondoke madarakani na bunduki zinyamaze. Wagombea urais walikuwa 22. Walikuwemo mawakili, wafanyabiashara, mama mmoja aliyesoma Harvard na kufanya kazi Benki ya Dunia, na mshambuliaji mstaafu wa AC Milan ambaye hakuwahi kushika wadhifa wowote serikalini. Kura zilipohesabiwa, mshambuliaji ndiye aliyeongoza. George Weah alipata asilimia 28.3, Ellen Johnson Sirleaf akamfuata kwa asilimia 19.8.

Nje ya Liberia wengi waliona kioja. Ndani ya Monrovia, hasa mitaa ya mabanda, hakuna aliyeshangaa.

Weah alizaliwa Oktoba 1, 1966, akalelewa na bibi yake mzaa baba huko Clara Town, mtaa wa kinamasi katika kisiwa cha Bushrod, jirani na bandari. Ni Mkru, watu wa pwani waliosifika kwa ubaharia na kazi za melini. Nchi yao ilitawaliwa tangu 1878 hadi 1980 na chama kimoja, True Whig, kilichokuwa mikononi mwa wazao wa Wamarekani weusi waliohamia huko karne ya 19. Mtoto wa Clara Town hakuwa na mlango wa kuingilia siasa za namna hiyo. Weah aliacha shule, akapata kazi ya ufundi wa mitambo katika shirika la simu la taifa, na muda uliobaki akawa anasakata kabumbu. Alipita Mighty Barrolle kisha Invincible Eleven, mahasimu wawili wa Monrovia ambao ushindani wao msomaji wa Dar es Salaam angeuelewa mara moja kwa kuwafikiria Simba na Yanga.

Mwaka 1987 alihamia Tonnerre ya Yaoundé. Claude Le Roy, Mfaransa aliyekuwa akiinoa timu ya taifa ya Kamerun, alimwona huko, akamtaarifu rafiki yake Arsène Wenger wa Monaco. Mwaka uliofuata Weah akawa Ulaya. Orodha ya mataji yake ni ndefu na haina haja ya kurudiwa yote: Kombe la Ufaransa na Monaco, ubingwa wa Ufaransa 1994 na Paris Saint-Germain, mabao 7 yaliyomfanya mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa msimu wa 1994/95, ubingwa wa Italia mara mbili na Milan. Mwaka 1995 alitwaa tuzo ya mwanasoka bora wa dunia ya FIFA, Ballon d'Or na ile ya Afrika. Mpaka leo hakuna Mwafrika mwingine aliyeshika Ballon d'Or. Ukweli ni kwamba kabla ya mwaka huo tuzo hiyo ilikuwa ya wachezaji wenye uraia wa nchi za Ulaya peke yao, kwa hiyo yeye aliingia siku ileile mlango ulipofunguliwa.

Kama kuna dakika moja ya soka yake inayostahili kutazamwa taratibu, ni ile ya Septemba 8, 1996, San Siro. Verona wanapiga kona. Mpira unavuka vichwa vyote na kumfikia Weah ndani ya eneo lake la hatari. Anautuliza, anainua kichwa, anaanza kukimbia. Hakuna wa kumpasia, wala hatafuti. Katikati ya uwanja wachezaji wa Verona wanambana, unadhani mpira umepotea, anazunguka na kutoka nao upande wa pili. Anafika kwenye eneo la Verona na kumalizia kwa shuti la chini. Alikimbia karibu uwanja mzima.

Mwaka huohuo nyumbani kulikuwa kunawaka. Vita alivyovianzisha Taylor mkesha wa Krismasi 1989 viliingia tena Monrovia Aprili 1996. Weah aliliambia gazeti la New York Times kwamba Umoja wa Mataifa uingilie kati na kuishika Liberia. Muda mfupi baadaye wapiganaji waliichoma moto nyumba yake ya Monrovia na kuwashambulia ndugu zake. Hapo ndipo ninapoiona siasa yake ikianzia, miaka minane tisa kabla ya jina lake kuingia kwenye karatasi ya kura. Mchezaji alizungumza mara moja kuhusu nchi yake na jibu likaja kwa kiberiti.

Hakuitupa nchi yake. Timu ya taifa, Lone Star, iliishi kwa mfuko wake: tiketi za ndege, jezi, posho. Ilifika Kombe la Mataifa ya Afrika 1996 na 2002. Katika mbio za Kombe la Dunia la 2002 ilizidiwa na Nigeria kwa pointi moja tu, na safari hiyo Weah alikuwa mchezaji, kocha na mlipaji kwa wakati mmoja. Serikali ilikuwa haiwapi raia umeme wala maji ya bomba. Timu ilikuwa kitu pekee cha kitaifa kilichofanya kazi, na kila mtoto alijua nani anakilipia. Wanasiasa wengine hununua mapenzi ya namna hiyo kwa fulana na kilo za mchele msimu wa kampeni. Yeye alikuwa ameshayalipia kwa miaka kumi.

Alitundika daluga 2003, mwaka Taylor alipokimbilia Nigeria. Chama chake, CDC, kilijaa vijana, wakiwemo waliobebeshwa bunduki utotoni na kukosa shule. Ndiyo maana hoja kali ya wapinzani wake, kwamba hana elimu, haikufua dafu mitaani. Walimwumbua kwamba shahada aliyoitaja ilitoka kwa kile kilichojiita chuo cha Parkwood, London, kisicho na ithibati yoyote. Wafuasi wake walijibu kuwa wenye shahada ndio walioiteketeza nchi, na jibu hilo, ukiitazama historia ya Liberia, si la kubezwa.

Lakini duru ya pili, Novemba 8, 2005, ilikuwa mchezo mwingine. Sirleaf alikuwa na akina mama wa sokoni, waliokwenda nyumba kwa nyumba kuhamasishana. Akashinda kwa asilimia 59.4 dhidi ya 40.6, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mkuu wa nchi barani Afrika. Weah alidai ameibiwa, vijana wake wakarusha mawe barabarani, waangalizi wa kimataifa wakasema uchaguzi ulikuwa safi. Desemba akaachana na shauri hilo.

Kilichofuata ndicho kinachomtofautisha na mastaa wengi wanaojaribu siasa. Alirudi shule. Alimaliza sekondari akiwa mtu mzima, kisha akapata shahada ya biashara ya Chuo Kikuu cha DeVry, Marekani, mwaka 2011. Mwaka huohuo alikubali kuwa mgombea mwenza wa Winston Tubman, yaani kushuka ngazi. Walishindwa. Sirleaf, aliyetunukiwa Nobel ya Amani siku nne kabla ya kura, alipata asilimia 43.9, wao 32.7, na CDC ikasusia duru ya pili.

Katika uchaguzi huo wa 2011 aliyeshika nafasi ya tatu alikuwa Prince Johnson, seneta wa Nimba, akiwa na asilimia 11.6. Huyu ndiye mbabe wa vita aliyemkamata Rais Samuel Doe Septemba 1990 na kurekodiwa kwenye video akinywa bia huku watu wake wakimkata Doe sikio. Nimba ni kaunti ya pili kwa wingi wa watu, baada ya Montserrado yenye Monrovia. Ndiko waasi wa Taylor walikoingilia 1989, na ndiko majeshi ya Doe yalikowaua Wagio na Wamano kwa kulipiza kisasi. Kwa wengi huko, Johnson alikuwa mlinzi wao. Mwaka 2011 alimuunga mkono Sirleaf, na Sirleaf akashinda.

Weah alijifunza hesabu hiyo. Desemba 20, 2014, katikati ya ugonjwa wa Ebola uliokwisha kuua maelfu, aligombea useneta wa Montserrado dhidi ya Robert Sirleaf, mtoto wa rais, akamgaragaza kwa takriban asilimia 78. Bungeni hakusikika sana. Useneta, nadhani, ulikuwa wa kuondoa neno “hajawahi” kwenye midomo ya watu.

Mwaka 2017 akaja na muungano. Mgombea mwenza wake alikuwa Jewel Howard-Taylor, mke wa zamani wa Charles Taylor na seneta wa Bong, kaunti ambayo mji wake wa Gbarnga ulikuwa makao ya Taylor wakati wa vita. Fikiria: mtu aliyechomewa nyumba wakati wa vita vya Taylor anaingia ulingoni na aliyekuwa mke wa Taylor. Duru ya kwanza, Oktoba 10, alipata asilimia 38.4, Makamu wa Rais Joseph Boakai akapata 28.8. Prince Johnson akatangaza kumuunga mkono Weah. Kesi ya mgombea wa tatu, Charles Brumskine, ilisimamisha kura kwa wiki kadhaa, na duru ya pili ikafanyika siku moja baada ya Krismasi. Weah alishinda kwa asilimia 61.5.

Januari 22, 2018, aliapishwa katika uwanja wa soka wa Samuel Kanyon Doe. Tangu 1944 Liberia haikuwa imeshuhudia rais aliyechaguliwa akimwachia kiti mwingine aliyechaguliwa.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya furaha, labda kupita kiasi. Agosti aliwaita Wenger na Le Roy Monrovia akawavisha nishani za taifa. Septemba 11, 2018, akiwa na miaka 51, rais aliingia uwanjani na jezi namba 14 dhidi ya Nigeria, akacheza dakika 79 za mchezo wa kirafiki. Liberia ilifungwa 2-1. Wachezaji wangapi wa Nigeria walithubutu kumkaba kwa nguvu zote, hilo ni swali la haki.

Kuna mambo alifanya. Alifuta ada ya shahada ya kwanza katika vyuo vya umma, na mwaka 2019 akasaini sheria iliyoondoa jinai kwenye kashfa za magazeti, jambo ambalo wasomi waliomtangulia hawakulifanya. Lakini mwaka wake wa kwanza ulitikiswa na sakata la noti za dola ya Liberia zilizodaiwa kutoweka baada ya kuchapishwa nje. Mfumuko wa bei wa 2019 ulivuka asilimia 20, na Juni 7 mwaka huo maelfu waliandamana katika Monrovia ileile iliyokuwa ngome yake. Agosti 2022 Marekani iliwawekea vikwazo vya rushwa maofisa wake watatu, akiwemo waziri wake wa Ikulu, Nathaniel McGill.

Miezi miwili baadaye Weah alisafiri na kukaa nje ya nchi zaidi ya mwezi. Ratiba ilipitia Qatar, ambako Novemba 21 mwanawe Timothy, mzaliwa wa New York, aliifungia Marekani bao dhidi ya Wales kwenye Kombe la Dunia, kombe ambalo baba hakuwahi kulicheza. Kama mzazi, nani angekosa? Ila bei ya mchele ilikuwa imepanda, na picha za rais jukwaani zilifika Clara Town zikakuta watu wana njaa.

Hakuwa mwanamichezo pekee aliyekutana na ukuta. Mei mwaka huohuo bondia Manny Pacquiao, aliyekwisha kuwa mbunge na seneta, aligombea urais wa Ufilipino akashika nafasi ya tatu, mbali sana na mshindi. Imran Khan, nahodha wa Pakistan bingwa wa dunia wa kriketi 1992, alianzisha chama 1996 na kusubiri hadi Agosti 2018 kuwa waziri mkuu. Jina humpa mtu hadhira. Mawakala wa vituo vya vijijini na wazee wa kaunti lazima awatafute mwenyewe.

Na Johnson alikuwa ameshahama. Kuelekea 2023 alikosana na Weah, na Boakai akamchukua mfuasi wa kisiasa wa Johnson, Seneta Jeremiah Koung wa Nimba, kuwa mgombea mwenza. Duru ya kwanza, Oktoba 10, Weah aliongoza kwa asilimia 43.8 dhidi ya 43.4. Duru ya pili, Novemba 14, Boakai alipata asilimia 50.64 na Weah 49.36, tofauti ya kura zaidi kidogo ya 20,000 nchi nzima. Nimba ilimpigia Boakai kwa wingi mkubwa mno. Mtu yeyote angeweza kuona kura za ushindi zimetoka wapi.

Usiku wa Novemba 17, Tume ya Uchaguzi ikiwa bado haijatangaza matokeo ya mwisho, Weah alimpigia simu Boakai kumpongeza, kisha akahutubia taifa redioni akisema chama chake kimeshindwa lakini Liberia imeshinda. Ukanda ule ulikuwa umeona mapinduzi ya kijeshi Mali, Guinea, Burkina Faso na Niger ndani ya miaka mitatu. Wapo wanaosema alikuwa hana njia nyingine. Mwaka 2005 alipitwa kwa karibu asilimia 19 akalalamika wiki kadhaa. Safari hii alipitwa kwa kura chache, akiwa amiri jeshi mkuu, na hakusubiri hata mahakama.

Prince Johnson alifariki Novemba 2024. Rais aliyeungwa mkono naye alishinda 2011, 2017 na 2023. Uchaguzi ujao ni Oktoba 2029, na utakuwa wa kwanza tangu vita viishe ambao Nimba itaamua bila yeye.