Dirisha, Fremu na Dirisha la Kando: Istilahi za Mpangilio wa Skrini katika Emacs

Dirisha ni neno lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiajemi, likawa jina la uwazi ulioachwa ukutani ili mwanga na hewa vipite na aliye ndani apate kuona nje. Katika lugha ya kompyuta, neno hilo hilo limekuwa jina la eneo la mstatili ambamo programu huonyesha kazi yake kwenye skrini, na mtumiaji wa kawaida amezoea kwamba kulifunga dirisha, mara nyingi, ni kuifunga programu yenyewe. Katika Emacs, ambacho ni kihariri matini ambacho mtumiaji anaweza kukiandikia programu za kubadili karibu kila tabia yake, dirisha lina maana tofauti na hiyo, na mtafsiri asiyeitambua tofauti hiyo humpotosha msomaji tangu ukurasa wa kwanza wa mwongozo.

Chanzo cha tofauti hiyo ni historia. Emacs ya kwanza ilitungwa mwaka 1976 katika maabara ya akili unde ya chuo cha MIT, Marekani, na Richard Stallman, mmoja wa waanzilishi wake, akaanza kuiandika upya kwa jina la GNU Emacs mwaka 1984. Katika miaka hiyo watu wengi walifanya kazi kwenye teminali, yaani kioo na kibodi vilivyounganishwa na kompyuta moja kubwa, na kioo hicho kilionyesha maandishi matupu, kwa kawaida mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja. Kwa kuwa kioo kizima kilikuwa mali ya programu moja kwa wakati mmoja, sehemu zilizogawanywa ndani yake ndizo zilizoitwa madirisha. Mifumo ya michoro ilipoenea baadaye na kulitumia neno hilo kwa eneo zima la programu, Emacs ilikwisha kulishika kwa maana yake ya awali, hivyo eneo la nje likapewa jina la fremu.

Istilahi ya tatu inayozibeba hizi mbili ni bafa, yaani mahali katika kumbukumbu ya kompyuta panapokaa matini yanayohaririwa, yawe yametoka katika faili au yametolewa na programu yenyewe. Dirisha halimiliki matini. Kazi yake ni kuyaonyesha. Hapa ndipo neno la Kiswahili linapoonyesha nguvu zake, kwa sababu vyumba viwili vya nyumba moja vinaweza kuwa na madirisha yanayotazama ua mmoja, na anayefunga dirisha la chumba chake haondoi ua wala mwembe uliopandwa humo. Vivyo hivyo, bafa moja inaweza kuonekana katika madirisha mawili ya Emacs, moja likionyesha mwanzo wa sura na jingine mwisho wake, na neno likifutwa katika bafa, linatoweka katika madirisha yote yanayoonyesha mahali hapo, huku dirisha likifungwa bafa hubaki salama ikisubiri kuitwa tena. Kwa hiyo dirisha la Emacs liko karibu zaidi na dirisha la nyumba kuliko lile la mifumo mingine ya kompyuta, na hakuna haja ya kulitafutia jina jipya wala kulipunguza liwe kidirisha.

Fremu nayo inafaa kubaki kama ilivyo. Msomaji anaijua kwa fundi seremala, anayetengeneza fremu kwanza ndipo atie madirisha ndani yake, na katika miji ya Tanzania anaijua pia kama chumba cha biashara kinachopangishwa, ambacho mpangaji hukigawa kwa makabati na kaunta apendavyo. Matumizi yote mawili yanaelekeza penye maana ileile, kwamba fremu ni mpaka wa nje na mgawanyo hufanyika ndani yake. Mtumiaji wa Emacs anayebonyeza Ctrl na x pamoja, kisha 3, huligawa dirisha alilomo kuwa mawili ya kulia na kushoto. Akibonyeza 2 mwishoni, mgawanyo huwa wa juu na chini. Akibonyeza 0, dirisha alilomo hufungwa na jirani yake huchukua nafasi iliyoachwa.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika ile sehemu nyembamba ya pembeni inayoonyesha orodha ya faili, muhtasari wa sura au maelezo ya msaada. Watafsiri wa programu wamezoea kuiita upau au mwambaa, na maneno yote mawili yana asili nzuri: upau ni mti mwembamba unaofungwa katika paa la nyumba, na mwambaa unatokana na kitenzi kuambaa, yaani kupita kandokando ya kitu, kitenzi kilichozaa pia mwambao. Hata hivyo, upau ni kitu kilichokazwa mahali pake, na jina hilo lawafaa vyema vipande vya vitufe visivyohama, ilhali Emacs haina sehemu ya pembeni iliyojengwa hivyo. Ina madirisha ya kawaida yaliyopewa upande wa fremu, na upande huo unaweza kuwa kushoto, kulia, juu au chini. Kwa sababu hiyo hata neno ubavu linapungukiwa, kwa kuwa hakuna ubavu wa juu wala wa chini, lakini kando huwa na maana ya ukingo wowote. Dirisha la kando, basi, ni istilahi inayotaja kitu chenyewe bila kupunguza wala kuzidisha.

Faida ya usahihi huo huonekana mtumiaji anapoanza kujipangia skrini yake. Asipotoa maelekezo, Emacs huamua yenyewe mahali pa kuonyesha bafa mpya: hupima kama dirisha lina urefu wa mistari 80 au upana wa herufi 160, ambavyo ni vipimo vya awali vya kuruhusu mgawanyo, na lisipotosha kwa kawaida hutumia dirisha jingine lililopo, hata kama mtumiaji alikuwa akisoma humo. Ili kuondoa usumbufu huo, mtumiaji huandika kanuni katika orodha iitwayo display-buffer-alist, jina linalopaswa kuachwa kama lilivyo kwa kuwa mashine hulisoma kwa tahajia hiyo tu. Kila kanuni ina sehemu mbili, ya kwanza ikitaja bafa inayohusika na ya pili ikieleza namna ya kuionyesha. Kwa mfano, kanuni inaweza kuagiza kwamba bafa ya msaada ifunguliwe katika dirisha la kando, upande wa kulia, katika nafasi namba 0, kwa upana wa 0.25, yaani robo ya fremu. Nafasi ni mpangilio wa madirisha yanayoshiriki upande mmoja: 0 ni katikati, namba hasi hutangulia na namba chanya hufuata. Dirisha la kando likishawekwa hivyo halikubali kugawanywa wala kufanywa dirisha pekee la fremu, na amri ya window-toggle-side-windows huyaficha madirisha yote ya namna hiyo kwa pamoja na kuyarudisha yanapohitajika.

Kitendo kizima cha mtumiaji kuiweka skrini yake apendavyo chahitaji pia kitenzi chake. Wako wanaoandika kubinafsisha, lakini kitenzi hicho, tangu mashirika ya umma yalipouzwa kwa watu binafsi, humpeleka msomaji kwenye siasa ya uchumi kabla hajafika kwenye skrini. Kujipangia ni kitenzi chepesi kinachobeba mtendaji na mtendewa pamoja, na kina undugu wa wazi na nomino mpangilio. Mwongozo unaoandikwa kwa istilahi hizi unaweza kumwambia mwanafunzi, kwa maneno machache, ajipangie fremu yenye madirisha mawili, kisha afunge dirisha la kando bila hofu kwa kuwa bafa itabaki. Naye ataelewa kwa nini itabaki, kwa sababu tangu utotoni amefunga madirisha ya nyumbani kwao na ua ukabaki ulipo.