Vita vya Kalenga, 1894: ngome ya Mkwawa ilivyoanguka

Kalenga, karibu na Iringa mjini, ulikuwa mji mkuu wa Wahehe, uliozungushiwa ukuta wa ngome. Agosti 17, 1891, jeshi la Mtwa Mkwawa liliwashinda Wajerumani kule Lugalo na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski.

Wajerumani walirudi na mizinga. Oktoba 30, 1894 waliuteka mji, lakini Mkwawa mwenyewe hawakumpata. Alipigana nao kwa kuvizia porini karibu miaka minne, akajiua Julai 19, 1898 ili asikamatwe.

Fuvu linaloaminika kuwa lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Limo makumbusho ya Kalenga. Tukilitazama tukumbuke: mji ulianguka, vita havikuisha.