Kinga Iliyoshindwa kwa Kura

Tunasema ajali haina kinga. Msemo huu husikika msibani na kando ya basi lililopinduka, na mara nyingi ukishatamkwa hakuna anayeuliza tena kama breki zilikuwa nzima. Huwafariji wafiwa. Ubaya wake ni kwamba huwapumzisha pia wale waliopaswa kujibu maswali.

Mahali pazuri pa kuupima ni Nordschleife, njia ya mashindano ya magari iliyofunguliwa mwaka 1927 huko Nürburgring, kwenye milima ya Eifel nchini Ujerumani. Inapanda na kushuka msituni, kona moja ikificha nyingine. Jackie Stewart wa Uskoti, aliyeshinda hapo mara tatu, ndiye aliyeibandika jina la Jehanamu ya Kijani.

Tarehe 28 Aprili 2007, Mjerumani Nick Heidfeld aliingia humo na gari la kisasa la langalanga, la timu ya BMW Sauber, lile lenye magurudumu yaliyo wazi nje ya bodi. Magari ya Formula 1 yalikuwa hayajashindana hapo tangu 1976, mwaka mmoja kabla Heidfeld hajazaliwa.

Alitumia takriban dakika 8 na sekunde 34 kumaliza kilometa 20.8. Mwaka 1975, Niki Lauda wa Austria, akiendesha Ferrari, alikuwa ameizunguka njia hiyo ikiwa bado na kilometa 22.8 kwa dakika 6 na sekunde 58.6. Ukipiga hesabu, wastani wa Lauda ni karibu kilometa 196 kwa saa. Wa Heidfeld ni karibu 146.

Ni rahisi kuzigeuza tarakimu hizi kuwa hukumu: wazee walikuwa majasiri, vijana wamelelewa kwenye pamba. Lakini gari la Heidfeld liliandaliwa liende taratibu. Lilinyanyuliwa kadiri ilivyowezekana, kwa sababu magari hayo hupita sentimita chache tu juu ya lami, na lami ya Nordschleife ina matuta na mabonde. Lilivishwa tairi ngumu za maonyesho. Wahandisi wa BMW walikuwa wamekadiria kwamba gari lao, likiandaliwa kwa ajili ya kasi, lingeweza kumaliza mzunguko kwa dakika 5 na sekunde 15.8. Tofauti kati ya makadirio hayo na zile dakika 8 ndiyo bei ya kinga, na siku hiyo walikubali kuilipa.

Lauda naye alitaka ilipwe. Kabla ya mashindano ya 1976 aliwahimiza madereva wenzake wasusie, kwa hoja kwamba njia ilikuwa ndefu mno kwa wazima moto na waokoaji waliokuwepo. Wakapiga kura. Wengi wakaamua kushindana, naye akashindana.

Tarehe 1 Agosti, katika mzunguko wa pili, Ferrari yake iliacha njia karibu na Bergwerk, ikagonga ukingo na kuwaka moto. Waliomchomoa walikuwa madereva wenzake: Arturo Merzario, Guy Edwards, Brett Lunger na Harald Ertl. Hospitalini padri alimpa sakramenti ya mwisho. Wiki sita baadaye alikuwa Monza, Italia, vidonda havijapona, akamaliza wa nne. Formula 1 haikurudi tena kushindana Nordschleife.

Katika simulizi nyingi, Monza ndiyo kilele: mtu aliyetoka motoni akarudi kwenye usukani. Mimi ninayesoma historia navutwa zaidi na ule mkutano wa madereva. Yule yule tunayemsifu kwa ujasiri ndiye aliyeomba wasikimbie. Alitaja tatizo kabla halijatokea, mbele ya watu waliokuwa na uwezo wa kuamua. Ushauri wake ulishindwa kwa kura, kisha moto ukaja.

Kwa hiyo nikisikia tena kwamba ajali haina kinga, iwe ya basi, ya kivuko au ya jengo lililoporomoka, nina maswali mawili. Nani alionya? Na kura zilikwendaje?