Mafundi Saa wa Uhindini na Saa ya Ukumbi Wetu

Kando ya ngazi za hekalu letu pana ubao wa marumaru wenye majina ya waliotoa fedha, mbao na saruji ili nyumba hii ya ibada isimame. Tumeyasoma majina hayo tangu utoto, kila tuvuapo viatu. Tulipokabidhiwa kazi ya kuandika historia kwa ajili ya kitabu hiki cha kumbukumbu, tulitambua kwamba limo kundi moja la watu ambalo halikuandikwa popote, ilhali bila wao arati ya alfajiri isingeanza kwa wakati wake. Hao ni mafundi saa.

Wazee wetu hawakungoja saa za Ulaya ndipo wajue kuhesabu wakati. Panchang, kalenda ya ibada zetu, huigawa siku nzima, mchana na usiku, katika ghadi 60, kila ghadi dakika 24. Na ghadi mbili hufanya muhurta mmoja. Hapo kale ghadi ilipimwa kwa bakuli la shaba lenye tundu dogo, lililoelea juu ya maji hadi likajaa na kuzama. Kutokana na neno hilo Wagujarati huiita saa ghadiyal. Na kwa kuwa siku hiyo huhesabiwa tangu jua kuchomoza, waliofika pwani hii kwa majahazi hawakushangaa kumsikia Mswahili akisema saa moja ya asubuhi huku mshale wa saa ya Kizungu ukiwa kwenye saba.

Ufundi wenyewe una hadithi inayotugusa zaidi. Katika karne ya 18 aliishi baharia wa Kachchh aliyeitwa Ram Singh Malam. Malam ni cheo cha kiongozi wa chombo baharini, neno lenye asili moja ya Kiarabu na maalim na mwalimu wetu. Masimulizi ya Kachchh husema chombo chake kilivunjika katika safari ya Afrika, akaokolewa na meli ya Waholanzi na kupelekwa kwao. Huko alikaa miaka mingi akajifunza kuunda saa, kutengeneza vioo na kusubu mizinga. Aliporudi, Maharao Lakhpatji, aliyetawala Kachchh kuanzia 1741 hadi 1760, alimpa karakana na kazi. Jumba la Aina Mahal mjini Bhuj, lenye kuta za vioo, ni kazi ya mikono yake. Tetemeko la ardhi la Januari 2001 liliharibu jumba hilo vibaya. Hatusemi kwamba mafundi wa Uhindini walikuwa wanafunzi wa wanafunzi wake. Hilo hatuna haki ya kulidai. Twasema tu kwamba mtu wa bahari hii hii aliwahi kurudi nyumbani na elimu ya saa badala ya shehena.

Karakana tunazozikumbuka jijini Dar es Salaam hazikuzidi upana wa mlango na dirisha. Palikuwa na meza fupi, ya juu kiasi cha kifua ili fundi asiiname, droo iliyotandikwa kitambaa ili kilichodondoka kisipotee, na lenzi moja ya jicho. Saa zilizoletwa zilikuwa za mfukoni na za mkononi. Nyingi zilikuwa zimeanguka. Kabla ya vizuizi vya mshtuko kuenea, vile vilivyobuniwa Uswisi katika miaka ya 1930, saa ikianguka sakafuni mara moja ilitosha kuvunja mhimili wa gurudumu la mizani, nalo ndilo moyo wa saa. Kipuri kilipaswa kuagizwa ng'ambo na kuja kwa meli, na mara nyingine kilipofika hakikuwa kile. Kwa hiyo fundi alikitengeneza mwenyewe.

Mhimili huo ni mfupi kuliko punje ya mchele. Ncha zake mbili, ambazo huzunguka ndani ya vito vilivyotobolewa, zina unene wa takriban sehemu 10 za milimita iliyogawanywa kwa mia, yaani kama unywele mnene wa binadamu. Fundi alianza na ujiti wa chuma cha pua. Aliuchoma hadi ukawa mwekundu, akauzamisha katika mafuta, ukawa mgumu lakini mwepesi kuvunjika kama kioo. Kisha aliung'arisha na kuupasha moto tena polepole juu ya vumbi la shaba, akiangalia rangi ikitoka manjano kwenda zambarau hadi buluu. Ilipofika buluu aliuondoa papo hapo. Akichelewa kidogo tu, chuma kililegea na kazi ikaanza upya.

Kukereza kulifanywa kwa kerezo dogo lisilo na mota. Ujiti ulishikwa kati ya ncha mbili zisizozunguka, ukavishwa kapi, na juu ya kapi ukapitishwa mara moja uzi wa singa za mkia wa farasi uliofungwa kwenye uta. Mkono wa kushoto ulivuta uta. Wa kulia ulishika kisu cha kukerezea. Kisu kilikula chuma uta ulipokwenda upande mmoja tu. Uliporudi, kilisogezwa nyuma kidogo sana kisha kikarejeshwa mahali pale pale, na hivyo tena na tena kwa saa nzima. Vijana wa pwani walioajiriwa kufagia na kuchemsha chai waliuelewa mwendo huo upesi kuliko wengi, kwa maana walikuwa wamewaona maseremala wakitoboa mbao kwa keke na uta wake. Unene wa mwisho haukukatwa, ulisuguliwa kwa chuma laini. Kipimo kilikuwa kito chenyewe: ncha ilipaswa kuingia kwa uzito wake bila kusukumwa, wala isichezecheze. Gurudumu la saa za aina hiyo hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani mara 432,000 kwa siku, na saa inayokosea dakika moja kwa siku imekosea chini ya sehemu moja katika elfu. Mteja alilalamika kwa dakika hiyo moja.

Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ilianza kuuza mjini Tokyo saa ya mkononi ya kwatzi. Mwaka 1971 majengo mengi ya mjini kwetu yalitaifishwa, na familia nyingi za jamii yetu zikahama. Karakana zikafungwa moja baada ya nyingine.

Saa ya ukumbi wetu, ile ya ukutani yenye kamani ya siku nane, haijawahi kubadilishwa. Huijaza mzee mmoja Mwislamu, aliyeingia karakana ya Uhindini akiwa mtoto wa kufagia. Huja kila Alhamisi alasiri, kwa kuwa Ijumaa ana sala yake. Ilipolika ncha ya gurudumu moja, sisi wenyewe kwenye kamati tulipiga kura ya kununua saa ya betri. Yeye hakubishana. Alikwenda na gurudumu hilo na kurudi siku ya tatu, na saa ikaendelea. Ile ya betri iko ofisini.

Tulimwomba ruhusa ya kulichonga jina lake kwenye marumaru. Alikataa, akasema aanze aliyemfundisha. Tukamuuliza jina. Hakulijua. Alimwita Kaka, kama walivyomwita wote pale karakana, na kwa miaka mingi alidhani maana yake ni ndugu mkubwa, kumbe kwa Kigujarati ni baba mdogo. Kisha aliifungua saa yetu akatuonyesha bamba la nyuma. Mafundi walikuwa wamekwaruza humo tarehe za kila tengenezo, na kando ya tarehe nyingi za zamani mna herufi mbili za Kigujarati, ra na ma.

Kama msomaji yeyote, awe hapa au Leicester au kwingineko, anamtambua mwenye herufi hizo, tunamwomba atuandikie. Ubao una nafasi chini ya jina la mwisho.